Seti za jeti za PZ27 baada ya kufunga ekzosi ya wazi: ipi inafaa kwa hewa ya Dodoma

Ukifunga ekzosi ya wazi kwenye pikipiki ya 125 na kuuliza kuhusu jeti (kijipande cha shaba chenye tundu linalopima petroli ndani ya kabureta; namba yake ikipanda, petroli inaongezeka), jibu utakalopewa mara nyingi ni "panda namba mbili". Kwa aliye Dar es Salaam jibu hilo lina mantiki. Kwa aliye Dodoma linaishia kwenye plagi nyeusi, petroli inayopotea bure na pikipiki nzito kuliko ilivyokuwa kabla ya ekzosi kununuliwa.

Tathmini hii ni ya seti za jeti zinazouzwa kwenye vifuko vidogo vya plastiki kwa ajili ya kabureta za PZ26 na PZ27, zinazokaa kwenye injini za mtindo wa Honda CG125 zilizojaa vijiweni: SanLG, Fekon, Kinglion na ndugu zao. Zimelinganishwa na njia nyingine mbili ambazo mwenye pikipiki hupewa achague: kununua jeti moja moja ya Keihin (chapa ya kabureta ya Kijapani), au kumwachia fundi jeti ya zamani aipanue kwa drili.

Hukumu ni hii. Jeti kubwa za kwenye seti, yaani zinazolisha injini mkono wa mafuta ukivutwa karibu na mwisho, zinastahili nyota nne kati ya tano. Jeti ndogo za seti hiyohiyo, zinazolisha injini mkono ukiwa umefungwa au umefunguliwa kidogo, nyota mbili. Jeti moja ya Keihin halisi ni bora kuliko zote, ila inakutaka uwe umeshajua namba unayoihitaji, na namba hiyo utaipata kwa kujaribu, yaani kwa seti. Kutoboa jeti kwa drili hakustahili hata nyota moja, na sababu zake zitaelezwa kwa namba.

Hewa ya Dodoma ndiyo inayogeuza hesabu. Mji upo karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho mgandamizo wa hewa uko chini ya ule wa pwani kwa kama asilimia 12, na uzito wa hewa iliyomo ndani ya kila lita umepungua kwa takriban asilimia 10. Kabureta haina kipimo cha uzito. Inanyonya petroli kwa kufuata kasi ya hewa inayopita kwenye koo lake, na kasi hiyo haipungui kwa sababu umepanda mlima. Matokeo yake hewa inapungua sana na petroli inapungua kidogo, na mchanganyiko unakuwa mzito kwa karibu asilimia 5 ukilinganisha na pwani. Kwa hiyo pikipiki yenye jeti iliyopangwa kwa usawa wa bahari, ikiletwa Dodoma bila kuguswa, tayari ina ziada ya petroli.

Sasa funga ekzosi ya wazi. Moshi unatoka kwa urahisi zaidi, silinda inajaa hewa vizuri zaidi kwenye mizunguko ya juu, na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Kwenye injini ndogo ya 125 iliyobaki na boksi lake la chujio, upungufu huo wa petroli kwa kawaida ni asilimia chache tu. Ziada ya kimo na upungufu wa ekzosi vinakaribia kufutana. Ndiyo maana pikipiki nyingi hapa, baada ya kufungwa ekzosi ya wazi, zinahitaji jeti kubwa ileile iliyotoka nayo, au ya hatua moja fupi juu yake. Kinachohitaji kazi zaidi ni sindano ya ndani ya kabureta na skrubu ya hewa. Mtu anayenunua seti na kuanza na jeti yenye namba ya juu kuliko zote ameanza upande usiofaa.

Kabla ya kununua, elewa namba iliyogongwa kwenye jeti. Kwa Keihin, na kwa PZ zinazoiga mfumo wake, namba ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita. Jeti ya 100 ina tundu la milimita 1.00, ya 105 ina 1.05. Petroli lakini haifuati kipenyo, inafuata eneo la tundu. Kutoka 100 kwenda 105 umeongeza eneo kwa zaidi ya asilimia 10. Kutoka 100 kwenda 102 umeongeza asilimia 4. Hatua ya namba tano ambayo wengi wanaiona ndogo ni mruko mkubwa kwa injini ya 125, hivyo seti inayopanda kwa tano tano (90, 95, 100, 105) haina faida kwako hata ikiwa bei ni nafuu. Tafuta ile inayopanda kwa mbili au tatu: 95, 98, 100, 102, 105.

Mikuni, chapa nyingine ya kabureta, ni habari nyingine. Jeti zake kubwa zenye kichwa cha pembe sita hupewa namba kwa kiasi cha petroli kinachopita, wala si kwa kipenyo. Mia ya Mikuni na mia ya Keihin si kitu kimoja, na nyuzi zake pia hutofautiana. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa, namba ni namba", rudisha kifuko.

Sasa tazama drili kwa hesabu hiyohiyo. Drili ndogo ambazo fundi wa kijiweni anaweza kuwa nazo hupanda kwa sehemu ya kumi ya milimita. Jeti ya 100 ikipitishwa drili ya milimita 1.1 inakuwa sawa na jeti ya 110 kwa kipenyo, na eneo limeongezeka kwa asilimia 21. Hakuna ekzosi ya 125 inayodai hivyo. Zaidi ya hapo, tundu la jeti limelainishwa kiwandani na mdomo wake umechongwa kwa pembe maalumu ili petroli ipite bila kusumbuliwa. Drili ya mkono inaacha mikwaruzo na mdomo uliopinda, kiasi kwamba hata jeti mbili zilizopitishwa drili moja hazitoi petroli sawa. Baada ya hapo namba iliyogongwa juu yake haina maana, na fundi wa pili atakayefungua kabureta atapotezwa nayo. Kuichokonoa jeti kwa waya wa breki ili kuisafisha kuna madhara ya aina hiyohiyo, kwa sababu shaba yake ni laini. Jeti husafishwa kwa petroli na upepo wa pampu.

Tuingie kwenye kifuko chenyewe. Seti za aina hii huja na jeti kubwa kama kumi, na nyingine huongezwa jeti ndogo kumi. Angalia uzi kwanza. Sokoni kuna za M4 na za M5, na kwa macho ya haraka zinafanana. Njia ya uhakika ni kwenda dukani na jeti uliyoitoa kwenye kabureta yako, uzilinganishe kwa uzi, urefu na umbo la kichwa. Jeti ndefu kupita kiasi inaweza kugusa sakafu ya bakuli la petroli lililo chini ya kabureta na kuziba njia yake yenyewe, na kosa hilo mtu hulitafuta siku nzima kwenye plagi na koili.

Ubora wa kugonga namba ndiyo sababu ya nyota moja kupungua. Kwenye seti za bei nafuu hutokea jeti mbili zenye namba tofauti zikawa na tundu moja, au ya 102 ikawa nyembamba kuliko ya 100. Kipimo cha nyumbani ni sindano nyembamba ya kushonea yenye ncha inayoongezeka unene taratibu. Idondoshe kwenye tundu kwa uzito wake tu, bila kusukuma, uweke alama ya kalamu pale inapokomea. Panga jeti zote kwa namba. Kila namba inayopanda sindano inapaswa kuzama zaidi kidogo. Inayovunja mpangilio itoe kwenye seti. Kisha zitazame zote kwenye mwanga. Tundu liwe duara safi, bila ukucha wa shaba pembeni. Kazi hiyo ya dakika kumi ndiyo inayoipandisha seti ya bei rahisi ikaaminika.

Jeti ndogo za kwenye seti ni dhaifu zaidi, na nyota zake mbili ni za ukarimu. Jeti ndogo ina tundu la petroli mbele na vitobo vidogo vya hewa ubavuni, na vitobo hivyo vikitofautiana kwa idadi au nafasi, namba ileile inatoa mchanganyiko tofauti. Pia urefu wake hutofautiana. Kwa bahati nzuri, mara nyingi huhitaji kuibadili. Kama yako ni 35 au 38, ibaki hiyo mpaka skrubu ya hewa ikuthibitishie kwamba haitoshi. Ikilazimika kubadilishwa, hapo ndipo inafaa kutafuta moja halisi.

Kuna mambo manne ya kumaliza kabla ya kugusa jeti, na anayeyaruka anapima kitu kingine asichokijua.

La kwanza ni gasketi ya ekzosi pale inapoungana na silinda. Ekzosi nyingi za wazi huja na gasketi nyembamba, au haziji nayo kabisa na ile ya zamani hurudishwa ikiwa imeshabanwa. Hewa ya nje inapoingia hapo, pikipiki inapasua (inapiga milio ya milipuko kwenye ekzosi) kila ukiachia mafuta kwenye mteremko, na kila mtu anasema jeti ni ndogo. Nunua gasketi mpya, funga nati zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, kisha washa injini ikiwa baridi na uweke mkono karibu na maungio kabla hayajapata moto. Ukihisi upepo unapiga, hujamaliza. Sehemu kubwa ya malalamiko ya kupasua huishia hapa.

La pili ni valvu. Kwa injini za CG125 nafasi ni milimita 0.05 hadi 0.08, injini ikiwa baridi kabisa. La tatu ni chujio, na Dodoma hili halina mjadala: kuanzia Mei hadi Novemba vumbi ni la kila siku, na sponji iliyojaa vumbi inafanya mchanganyiko uwe mzito kuliko jeti yoyote uliyo nayo. Ioshe, ikaushe, ipake oili nyepesi na uikamue. Wanaofunga chujio la wazi la kubana na bendi ili lifanane na ekzosi wanajitafutia hasara ya aina mbili, kwa kuwa vumbi jepesi hupita mpaka kwenye ringi na jeti inakuwa ngumu kupangwa kila upepo unapobadilika. La nne ni plagi mpya. NGK D8EA ndiyo ya injini hii, nafasi yake milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi ya zamani ina historia yake, haiwezi kukusimulia habari za jeti uliyoweka leo.

Kubadili jeti kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Funga koki ya petroli, legeza skrubu ya chini ya bakuli umwage petroli kwenye chupa. Fungua kofia ya juu ya kabureta utoe slaidi (kipande kinachopanda na kushuka kwenye koo unapovuta mafuta, chenye sindano chini yake) pamoja na waya wa mafuta, uifunge kwa kitambaa safi ili sindano isipinde. Legeza bendi ya upande wa chujio na nati mbili za upande wa injini, kabureta itoke. Pindua, fungua skrubu za bakuli, na hapo katikati utaona jeti kubwa imekaa juu ya bomba lake la shaba. Lishike bomba kwa spana wakati unafungua jeti kwa bisibisi, la sivyo vitatoka pamoja. Bisibisi ijae mfereji wa jeti vizuri. Bisibisi nyembamba ndiyo inayoharibu jeti nyingi. Jeti mpya ianze kwa vidole mpaka ikae, kisha ibanwe kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu.

Unaporudisha slaidi, mfereji wake mrefu uelekee kipini kilicho ndani ya koo. Ikikaa vibaya inaweza kukwama ikiwa wazi. Kabla ya kuwasha, vuta mafuta mpaka mwisho na uachie mara kadhaa, usikilize slaidi ikigonga chini. Isipogonga, usipige kiki.

Anza na jeti iliyotoka nayo kiwandani, ukiwa na ekzosi mpya. Weka alama kwenye mkono wa mafuta kwa utepe mweupe: umefungwa, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Alama hizi ndizo zinazokuambia ni sehemu gani ya kabureta inazungumza. Kutoka kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta) hadi sehemu ya nane, yaani nusu ya robo, ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Kutoka hapo hadi robo ni mkato wa chini ya slaidi, ambao huwa hauguswi. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano. Jeti kubwa inatawala kuanzia robo tatu kwenda mwisho. Dereva wa bodaboda anayezunguka Majengo, Makole na Area C na abiria nyuma hushinda siku nzima kati ya sehemu ya nane na nusu. Jeti kubwa anaigusa mara chache mno, na kubadili jeti kubwa ili kutibu ubovu wa sailensa hakuwezi kumsaidia.

Jeti kubwa ipimwe barabara ikiwa tupu na ndefu, kwa mfano upande wa Nala au Veyula, asubuhi na mapema. Tumia gia ya tatu ili injini ifike mizunguko ya juu bila kukimbia kupita kiasi. Vuta mafuta yote kwa sekunde kama kumi, kisha rudisha mkono kidogo sana, kama sehemu ya nane. Injini ikivuta mbele kidogo unaporudisha mkono, jeti ni ndogo. Ikizubaa au isibadilike, jeti ni sawa au imezidi. Kuhakikisha, rudia na mwishowe bonyeza klachi na uzime kwa ufunguo kwa wakati mmoja, usogee pembeni, uitoe plagi. Tazama chini kabisa, kwenye shingo ya kauri pale inapoingia ndani ya chuma. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe kama chaki, au vitone vinavyong'aa, maana yake injini inakosa petroli na inachemka. Masizi meusi makavu maana yake petroli imezidi. Rangi ya ncha ya nje isikudanganye, inabadilika hata kwa dakika moja ya kuungurumisha.

Kama ilikuwa 100 na dalili zinasema ndogo, nenda 102. Pima tena. Ikidai zaidi, 105 ndiyo mwisho wa busara kwa ekzosi ya wazi yenye boksi la chujio la kiwandani hapa Dodoma. Ukijikuta unataka 110, simama utafute hewa inayovuja: gasketi ya ekzosi, mpira wa kabureta na injini, au bendi iliyolegea. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya upande wa injini ikiwa kwenye sailensa, na mlio ukibadilika umepata pa kurekebisha.

Sindano ndiyo yenye faida kubwa kwa wanaofanya kazi mjini. Ina mifereji mitano na klipu. Klipu ikishushwa mfereji mmoja, sindano inapanda na mchanganyiko unakuwa mzito. Ikipandishwa, kinyume chake. Dalili ya kukosa petroli hapa ni pikipiki kusitasita kwa mishtuko midogo ukishikilia mkono nusu kwenye mwendo mmoja. Dalili ya kuzidi ni mlio mzito unaogugumia, unaopona ukiongeza mwendo. Mara nyingi ekzosi ya wazi inadai mfereji mmoja tu chini. Kama sindano yako haina mifereji, ina nafasi moja ya klipu, weka washa nyembamba ya nusu milimita chini ya klipu. Inafanya kazi ya karibu nusu ya mfereji, na kwa Dodoma nusu hiyo huwa inatosha kabisa.

Malizia na skrubu. Hapa watu wengi huzungusha upande usiofaa, kwa sababu hawaangalii skrubu ipo wapi. Ikiwa upande wa chujio, nyuma ya slaidi, inapima hewa: kuifungua kunafanya mchanganyiko uwe mwepesi. Ikiwa upande wa injini, inapima petroli: kuifungua kunaufanya mzito. Ifunge taratibu mpaka iguse, bila kubana, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa imepata moto, ipange sailensa kama mizunguko 1,400 kwa dakika, halafu zungusha skrubu robo robo mpaka upate mahali mlio unapokuwa juu na laini kuliko kwingine, kisha rudisha sailensa chini. Kama skrubu ya petroli inataka zaidi ya mizunguko mitatu, jeti ndogo haitoshi. Kama inataka chini ya nusu mzunguko, imezidi. Kwa skrubu ya hewa geuza maneno hayo.

Fanya vipimo vyote asubuhi yenye ubaridi. Juni na Julai alfajiri ya Dodoma inaweza kushuka hadi kama nyuzi 14, na Novemba mchana hupanda kuelekea 31. Hewa ya baridi ni nzito, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Jeti iliyopangwa mchana wa joto inaweza kukosa petroli alfajiri ya Julai, wakati iliyopangwa alfajiri itazidi kidogo tu mchana, na kuzidi kidogo hakuvunji injini.

Hili ni muhimu zaidi kwa anayesafiri. Ukishuka kutoka Dodoma kwenda Morogoro na Dar es Salaam, ile asilimia 5 ya ziada inayeyuka njiani. Pikipiki iliyopangwa kwa ukingo hapa itafika pwani ikikosa petroli, na ikiwa imebeba mzigo kwa mkono ulioshikiliwa mwisho kwa masaa, hapo ndipo pistoni hutoboka au injini inanoki. Beba jeti ya namba mbili au tatu juu ya ile uliyo nayo, uibadilishe Morogoro. Barabara ya Iringa ina tabia yake: inashuka hadi karibu mita 700 Mtera, kisha inapanda tena hadi zaidi ya 1,500 Iringa mjini. Kwa safari hiyo panga kwa ajili ya Mtera. Iringa itakuwa nzito kidogo na itavumilika. Ya Singida kupitia Manyoni mwisho wake uko juu zaidi ya Dodoma, ila inashuka kwanza kwenye bonde la Bahi, kwa hiyo panga kwa ajili ya Bahi.

Kuhusu ekzosi yenyewe, maoni yetu yako wazi. Kwa anayebeba abiria na mizigo, ekzosi ya kiwandani inavuta vizuri zaidi kwenye mizunguko ya chini, na huko ndiko bodaboda inakoishi. Ekzosi ya wazi inaongeza kidogo juu, ambako dereva wa abiria hafiki, na ikitolewa kizuizi cha ndani inapoteza nguvu ya kuondokea, hasa ukiwa na mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) kwenye mlima. Anayeitaka kwa wepesi au kwa sababu ya awali imeoza, anunue ile yenye kizuizi kinachofungwa kwa bolti na akiache ndani. Kelele nazo si suala la ustaarabu peke yake: kuna kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira kikiwa msimamizi wake, na trafiki hawahitaji kipimo kuisikia ekzosi isiyo na kizuizi.

Wenye Boxer, TVS HLX na pikipiki nyingine wasinunue seti hii kwa kuifananisha na macho. Baadhi ya pikipiki zina kabureta ya kiwambo cha mpira, ambayo inajirekebisha kiasi kwa kimo na kudai mabadiliko madogo zaidi, na jeti zake ni za uzi na umbo jingine. Zilizo na mfumo wa sindano za kielektroniki hazina jeti kabisa.

Kama hutaki kufungua mwenyewe, mlipe fundi kwa kazi iliyopimwa. Muulize maswali matatu kabla hajashika spana: jeti iliyomo sasa ni namba gani, skrubu yangu ni ya hewa au ya petroli, na atapima wapi baada ya kubadili. Anayejibu "nitasikiliza mlio" akiwa amesimama kijiweni anaweza kupanga sailensa vizuri sana, lakini jeti kubwa hawezi kuijua hapo, kwa sababu injini isiyobeba mzigo haifiki kwenye jeti kubwa. Mwambie akurudishie jeti ya zamani. Ifunge kwenye karatasi yenye namba yake na tarehe, uiweke chini ya siti pamoja na bisibisi inayoitosha, kwa kuwa ndiyo utakayoihitaji siku utakaporudisha ekzosi ya kiwandani.